Vishada Vyenye Miiba

Jumatatu, 10 Machi 2025

Daftari hili nimepewa na dada yangu Lenah. Anasema nikiandika mambo yanayonitisha nitaacha kuyasema usingizini. Tunaishi chumba kimoja mtaani Gatwekera, kwa hiyo nikisema usingizini, anayekesha ni yeye.

Hii ni wiki yangu ya pili ya ukarani. Ofisi iko Kabiro, Kawangware, orofa ya pili, juu ya duka la chakula cha kuku la Bwana Thuo, mwenye plot, yaani jengo hili. Wanasayansi wa ng'ambo hututumia picha zilizopigwa na darubini iliyo angani. Ni picha za galaksi zilizo jirani na yetu. Ndani yake watu wetu kumi na wawili hutafuta vishada vya nyota, yaani maelfu ya nyota changa zilizozaliwa pamoja na ambazo bado zimebanana mahali pamoja. Kila picha hupigiwa kura na watu watatu, kila mmoja kwenye kompyuta yake bila kujua wenzake wamejibu nini. Kura mbili zikikubaliana, basi. Mimi hukusanya majibu, hutia saini na kutuma.

Nina shahada ya fizikia na miezi mitatu ya kujaribiwa. Tarehe 30 Mei Madam Wangoi, msimamizi wetu, ataamua kama nabaki. Tayari nazijua hatua zake kwenye ngazi. Zikianza, mimi hunyoosha mgongo na kujifanya naandika.

Jumatano, 12 Machi

Mwongozo wa wanasayansi una kurasa ishirini na mbili za Kiingereza kigumu. Nimeusoma wote, penseli mkononi, nikaufupisha kuwa ukurasa mmoja. Watu wa picha wamezipa aina zote majina yao. Kishada cha mviringo kilichobanana ni andazi. Kilichokwenda upande ni kiazi. Nyota zilizotawanyika ni omena, kama dagaa waliomwagika. Kisicho kishada, iwe ni nyota moja iliyo karibu au kasoro ya kamera, ni takataka. Niliogopa Madam angekataa majina hayo. Alisema kama yanafanya kazi iende, hata tuite ugali.

Ijumaa, 14 Machi

Namwogopa Mama Whitney. Jina lake ni Apiyo, ana kama miaka arobaini, na kabla ya hapa alichambua mitumba miaka tisa. Alikuwa akifungua robota na kutenga nguo nzuri na mbovu kwa kuzitazama tu. Huniita mwalimu, na huuliza maswali mbele ya watu. Leo: "Mwalimu, na wewe ulijuaje hii ni kiazi? Ama uliambiwa?" Wote walicheka. Eugene, anayeketi karibu naye, akasema, "Mwalimu amewekwa kwa corner." Mimi pia nilicheka, kwa kuchelewa kidogo.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua ya kwanza. Nimeandika hapa chini ya meza, wakati wa chakula cha mchana, kwa sababu mkono unataka kufanya kitu.

Picha mpya zimefika. Sasa kila ukurasa una picha mbili za mahali pamoja. Ya kushoto imepigwa na darubini ya zamani, inayoona mwanga tunaouona sisi. Ya kulia ni ya darubini mpya, inayoona joto, na joto hupenya vumbi. Palipo giza kushoto, kulia pamejaa nukta zinazowaka.

Nukta nyingi zina miiba. Kitu kidogo kinachong'aa sana hutoa miiba ya mwanga kwenye picha. Miiba hiyo hutokana na darubini, kitu chenyewe hakina. Kwenye picha za zamani ilitusaidia: chenye miiba kilikuwa nyota ya galaksi yetu iliyojipitisha mbele ya kamera. Takataka.

Saa nne Madam alisimama nyuma yangu. "Jeconia, wewe ndiye mtu wa physics. Hizi mpya zinawachanganya. Nipe rule moja, simple, before lunch."

Ningeweza kuwaandikia wanasayansi niwaulize. Nilifungua hata barua pepe. Kisha nikawaza: karani wa wiki ya nne anauliza swali la siku ya kwanza, na Madam anapata nakala. Nikaifunga. Nikachukua karatasi ya manila na kalamu nene: CHENYE MIIBA NI TAKATAKA. Nikaibandika ukutani. Madam aliipiga picha kwa simu yake, akasema, "Sasa hiyo ni kazi."

Kisha akanipa nyingine. Kila mwezi watu wa picha hupimwa kwa mitego, yaani picha arobaini ambazo majibu yake yanajulikana, zilizofichwa kati ya nyingine. Anayepata chini ya themanini kwa mia hupewa onyo, na onyo la pili ni kwaheri. Kwa picha mpya hatuna mitego bado. Niichague mimi, na majibu niyaandike mimi.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua. Nilifika nimelowa hadi kiunoni. Hakuna aliyenigombeza.

Jumatano, 2 Aprili

Mama Whitney aliniita kwenye kompyuta yake. Hakupunguza sauti.

"Mwalimu, kuja uone hii kitu. Hapa kulia kuko na hii ya miiba. Kushoto, mahali hapo hapo, ni giza tu."

"Ndiyo, Mama Whitney. Ina miiba. Takataka."

"Ngoja kwanza. Kama ni nyota ya karibu, imesimama mbele ya vumbi, sindio? Si hata kushoto ingeonekana? Mtu akisimama mbele ya pazia unamwona. Huyu hatumwoni. Huyu ako nyuma ya pazia."

Wote walikuwa wananitazama. Jambo pekee nililoliona wazi lilikuwa kwamba nikikubali, lazima niing'oe manila ile mbele yao.

"Rule iko ukutani," nikasema. "Tukianza kila mtu na maoni yake, hatutamaliza."

"Sawa," akasema. "Rule iko ukutani." Akabonyeza andazi hata hivyo, huku ananitazama.

Eugene akapiga mluzi mdogo.

Ijumaa, 4 Aprili

Matokeo ya mitego. Wote wako juu ya themanini na tano isipokuwa Mama Whitney, sitini na mbili. Zote alizokosa zina miiba. Madam alimpa barua ya onyo mbele yetu, kwa sababu hapa barua hutolewa mbele ya watu. Mama Whitney aliikunja mara nne, akaitia ndani ya sidiria, akarudi kwenye picha.

Nilijiambia nimefurahi kwamba utaratibu unafanya kazi.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua usiku kucha. Hakuna jipya.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

Hakuna kazi. Lenah ameenda kanisani. Nilitoa mwongozo ili niandae mitego ya Mei, nikaanza ukurasa wa kwanza kama mtu asiye na haraka.

Ukurasa wa kumi na tisa. Nautafsiri hapa ili niusome kwa lugha ninayoisikia vizuri: kishada kichanga kilichobanana sana na kuzama ndani ya vumbi kinaweza kuonekana kama nukta moja yenye miiba. Msihukumu kwa miiba peke yake. Linganisheni na picha ya darubini ya zamani.

Chini ya sentensi hiyo kuna mstari wa penseli. Ni mstari wangu. Niliupiga tarehe 12 Machi, kabla picha mpya hazijafika, kabla maneno hayo hayajawa na maana. Sikumbuki kuupiga.

Nimeketi nao kwa saa nzima.

Jumanne, 22 Aprili

Nimefika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya wote. Nimefungua picha zenye miiba ambazo Mama Whitney alizipigia kura ya kishada na wenzake wawili wakamshinda. Ziko hamsini na tatu. Kwenye saba, nyota inaonekana kushoto na kulia. Hizo ni nyota za karibu kweli, alikosea. Kwenye arobaini na sita, kushoto ni giza tupu.

Arobaini na sita kati ya hamsini na tatu.

Hesabu ya zote tulizotupa tangu Machi sijaikamilisha. Nimefika mia mbili na kumi na nane nikasikia hatua kwenye ngazi nikazima.

Vishada hivyo ndivyo wanasayansi wanavyovitafuta. Vilivyokwisha kutoka kwenye vumbi wanavyo tele. Wanataka vichanga kabisa, ambavyo bado havijapuliza vumbi lao, waone nyota zinaanzaje. Vichanga hivyo hivyo tumevitupa, kwa saini yangu.

Jumatano, 23 Aprili

Sikusema.

Alhamisi, 24 Aprili

Sikusema. Madam alikuwa na wageni.

Jumatatu, 28 Aprili

Sikusema. Leo hakukuwa na wageni.

Jumatano, 30 Aprili

Ninatafuta njia isiyo na kelele. Nilidhani nimeipata: mitego ya Mei niiandikie majibu sahihi, Mama Whitney apite, yaishe. Kisha nikahesabu. Majibu yakiwa sahihi, atapita yeye peke yake. Wale kumi na mmoja walionitii wataanguka wote, na wataanguka kwa sababu walinitii.

Lenah aliniuliza mbona sili. Nikamwambia mambo ya tumbo. Akasema, "Jeko, tumbo yako inaongea usiku. Imesema arobaini na sita mara mbili."

Ijumaa, 9 Mei

Nimefanya hivi. Mitego ya leo nimechagua picha arobaini, hakuna hata moja yenye miiba. Wote wamepita. Mama Whitney amepata tisini na saba, hakuna aliyewahi kufika hapo. Madam alisema, "Unaona? Onyo inasaidia."

Nilitembea kurudi Gatwekera kwenye matope kama mtu aliyetua mzigo. Naandika hivyo kwa sababu nilihisi hivyo, ingawa najua nimeuhamisha tu.

Jumatatu, 12 Mei

Nilipokuwa nikikusanya kura za wiki, nilitafuta za Mama Whitney kwenye picha zenye miiba. Takataka. Takataka. Takataka. Nikarudi nyuma siku kwa siku. Tangu wiki ya barua ya onyo hajaweka kishada hata kimoja chenye miiba. Ameacha. Kwa mwezi mzima sikuwahi kuangalia.

Nilienda nikasimama nyuma yake. Kwenye kioo cha kompyuta yake kulikuwa na picha ambayo hata mtu mvivu angeiona: kushoto utepe mweusi wa vumbi, kulia, katikati ya utepe huo huo, nukta nyekundu yenye miiba sita. Kidole chake kilienda moja kwa moja kwenye takataka.

"Mama Whitney," nikasema, "hiyo una uhakika?"

Hakugeuka. "Iko na miiba, mwalimu. Nimeshajifunza."

Aliyatamka polepole, bila utani. Afadhali angenitukana.

Nilikuwa nikimwona kama mtu anayetaka kuniaibisha. Leo nimeelewa kwamba tarehe 2 Aprili alikuwa ananionyesha kitu, kwa sauti ile ile anayoitumia kwa kila mtu, kwa sababu hana nyingine.

Alhamisi, 15 Mei

Madam ametangaza, mikono imekunjwa kifuani: wanasayansi wanataka kutupima wenyewe. Ijumaa tarehe 23 wataleta mitego yao na majibu yao. Sheria ni zile zile.

Nimelifikiria jambo hili njia nzima ya kurudi. Majibu yao yatakuwa ya ukurasa wa kumi na tisa. Wote wakifuata ukuta wataanguka. Kumi na mmoja watapata onyo la kwanza, na kwao hilo si mwisho. Mama Whitney tayari analo moja, nililompa mimi kwa sababu aliona vizuri. Sasa atapata la pili kwa kunitii. Atatoka kwenye mlango huu akiamini kwamba macho yake ni mabovu.

Siku nane.

Jumamosi, 17 Mei

Mvua. Nimeandika barua ya kuungama. Nimeichana.

Jumanne, 20 Mei

Nilifika hadi mlango wa Madam. Alikuwa anacheka kwenye simu. Nilirudi kwenye kiti changu, nikajiambia ni adabu kutomkatiza mtu.

Alhamisi, 22 Mei

Naandika nikiwa nimeketi kwenye ngazi za nje. Sijui kama bado nina kazi.

Asubuhi mvua ilipiga mabati ya paa kiasi kwamba watu wa picha walikuwa wanazungumza kwa ishara. Sikulala. Nilijua nikisubiri itulie nitapata sababu nyingine. Saa mbili na robo nikasimama mbele ya ukuta nikasema kwamba nina jambo.

"Hatusikii, buda," akasema Eugene. "Ongeza sauti."

Nikarudia.

"Bado."

Kwa hiyo ilinibidi nipaze sauti. Jambo nililolificha mwezi mzima, nililitoa kwa kupiga kelele kama mtangazaji wa sokoni. "Rule ya ukutani si ya kweli. Niliitunga mimi. Sikuuliza mtu. Vingi vyenye miiba ni vishada, na vile vilivyozama kwenye vumbi ndivyo wanavyovitaka zaidi. Mitego ya Aprili, majibu yalikuwa yangu, na yalikuwa makosa. Mama Whitney alikuwa sahihi. Onyo lake ni langu."

Niling'oa manila. Haikutoka vizuri, ilibaki TAKATAKA ukutani.

Hakuna aliyecheka. Eugene aliuliza, "Kwa hiyo tangu March tumekuwa tukitupa vitu poa?"

"Ndiyo."

"Na ulijua lini?"

Hilo ndilo swali nililoliogopa. "Jumatatu ya Pasaka."

Nduku, anayeketi dirishani na ambaye huwa haongei, akasema, "Hiyo ni mwezi moja, Jeconia. Mwezi moja tunakuja hapa kwa mvua kufanya makosa na wewe unatuangalia."

Nilimtazama Mama Whitney. Alikuwa anatazama kioo chake, mikono mapajani.

"Nikikuonyesha," akasema, na mvua ilikuwa imepungua kiasi cha kusikika, "ulikuwa umeona?"

"Nilikuwa nimeona kidogo."

"Kidogo namna gani?"

"Niliona ulikuwa na hoja. Niliogopa."

"Uliogopa nini? Mimi?"

"Wewe. Madam. Wote hawa."

Alitikisa kichwa taratibu. "Mimi nilienda nyumbani nikaambia Whitney labda ni miwani nahitaji. Mtoto wangu akaanza kuniongoza nikivuka mtaro." Akageuza kiti, akanitazama. "Enda uambie Wangoi. Usituambie sisi peke yetu, sisi hatuna barua ya kukupa."

Madam alikuwa mlangoni tayari. Sikuwa nimesikia hatua zake, kwa ajili ya mvua. Sijui alisikia kuanzia wapi, lakini hakuuliza swali lolote la mwanzo. "Kwa ofisi yangu," akasema.

Aliketi. Hakuniambia niketi. "Saini ni yako. Jina la kampuni ni langu. Hawa watu wakisema contract imeisha, hao kumi na wawili nitawaambia nini? Ati kijana wa physics aliona haya?"

"Ndiyo, Madam."

"Usiniambie ndiyo. Kaa hapo uandike. Na useme mwezi moja. Ukipunguza siku hata moja nitajua."

Niliandika barua kwa wanasayansi mbele yake. Niliweka orodha ya picha, idadi, tarehe, na kwamba mtu namba saba, yaani Mama Whitney kwenye orodha zetu, aliona sahihi tangu 2 Aprili nikamzuia. Alisoma mara mbili. Alibadilisha salamu tu. Kisha akabonyeza kutuma yeye mwenyewe, akaniambia nitoke nikapate hewa.

Niko hapa. Chini, Bwana Thuo anamuuliza mteja kama kuku wanataga.

Ijumaa, 23 Mei

Mitego yao imekuja. Kabla ya kuanza, Mama Whitney aliwasimamisha wote nyuma ya kiti chake kwa dakika ishirini, kitu ambacho sheria haikatazi kwa sababu hakuna aliyewahi kukifanya. "Angalia kushoto kwanza. Sahau miiba. Uliza: huyu ako mbele ya pazia ama nyuma?" Mimi nilisimama mlangoni. Sikuwa na kazi ya kufanya.

Yeye, tisini na mbili. Wawili wameanguka, Eugene mmoja wao, sabini na saba. Alinipita kwenye ngazi bila kunitazama.

Jumatano, 28 Mei

Jibu limefika. Hawavunji mkataba, bado. Kila kitu chenye miiba tangu Machi kipigiwe kura upya, kwa wiki mbili, kisha wataamua. Maonyo yote ya picha mpya yamefutwa. Mitego ya hapa itaandaliwa na mtu namba saba, nao watahakiki majibu. Kuhusu mimi hawakuandika chochote. Nimeisoma barua mara sita nikitafuta jina langu.

Ijumaa, 30 Mei

Miezi mitatu imekwisha. Madam aliniita asubuhi, dirisha limefunguliwa kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi.

"Ukarani hapana," akasema. "Sitakudanganya. Lakini kuna mashine moja haina mtu. Ukitaka, kaa kama wengine, upimwe kama wengine. Ukianguka, usinitafute."

Nilisema nataka. Sauti yangu ilikuwa ndogo kuliko nilivyopanga.

Mitego arobaini, imeandaliwa na Mama Whitney. Alivuta kiti akaketi pembeni yangu, kwa sababu mtu mpya husimamiwa. Wengine walijifanya wana kazi. Eugene hakujifanya. Aligeuza kiti kabisa, akakunja mikono.

Picha ya kwanza haikuwa rahisi. Kulia, nukta yenye miiba. Kushoto, vumbi, lakini pembeni mwa vumbi palikuwa na weupe kidogo, kama kitu kilichoanza kutoka au kama kitu kilichokuwa mbele muda wote. Nilikuza. Nikapunguza. Nilijua fizikia yote ya mwanga ule na haikunisaidia. Nilijikuta nimegeuza kichwa kumtazama yeye.

"Usiniangalie mimi," akasema. "Jibu haliko kwa uso wangu."

Nikarudi kwenye kioo. Nilitazama weupe ule mpaka nikaona ukingo wa vumbi umejipinda kuuzunguka, umesukumwa kutoka ndani. Au nilidhani nimeona. Nikabonyeza kiazi.

Mama Whitney aliandika kitu kwenye karatasi yake, akaifunika kwa kiganja.

Zilibaki thelathini na tisa.